Kiatu Ndani ya Dohani

Barnaby,

Supu iko kwenye oveni. Kuku wameshakula.

Fundi wetu, Bwana Thirtle, akija kuziba yale meko ya zamani, ~~mwambie akitupe kile kiatu cha mtoto alichokikuta jana~~ mwambie akirudishe kiatu palepale alipokitoa, nyuma ya matofali ya dohani ya moshi, kabla hajapiga lipu.

Asubuhi maneno yako yaliniuma, mwanangu. "Mama, unasali kanisani halafu unafuga uchawi kwenye dohani?" Nikaenda kuomba.

Mwalimu wetu wa darasa la jioni anasema wenye nyumba wa kale walificha kiatu cha mtoto humo ili shari isiingie. Basi aliyekificha alikuwa na mtoto wa kumlinda. Nami ninaye, hata kama ananicheka.

Mama