Kendarius Hakugusa Mpira

Marlow, Mississippi
Jumapili, 3 Novemba

Mpendwa dada yangu Verlene,

Huko Ujerumani baridi imeshaanza? Naomba u mzima, na hao askari unaowauguza wanakupa hata nafasi ya kuketi. Sisi hatujambo, ila mimi nimechoka, hata kofia naiona nzito.

Mama anaendelea vizuri. Jana tulimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu hadi uwanjani, akawatukana waamuzi mpaka sauti ikamkauka.

Sasa habari za mwanao. Msimu huu bosi wangu, Kocha Haskell, ambaye mimi ni msaidizi wake kwenye timu ya chuo, amemtumia Kendarius kama jembe la kuazima. Akimbie na mpira mikononi, adake pasi, arudishe mipira iliyopigwa mbali. "Mpeni Kendarius, tukapumzike," ndiyo mbinu yake yote. Kwa mbio zile ilitosha, mpaka wapinzani wakajua kila mpira ni wake, wakawa wanamrukia watatu kwa pamoja kumwangusha. Goti likavimba. Ukanipigia simu unalia, ukaniomba nimlinde.

Basi jana, mechi ya kuwakaribisha wahitimu wa zamani wa chuo, nilimshawishi Haskell. Kendarius achomoke mbio upande mmoja, mpira uende upande mwingine. Walimfuata wote kama kuku waliosikia debe la mahindi. Yule mnene Pettway, ambaye alikuwa hajafunga tangu azaliwe, alitembea tu na mpira hadi ndani ya mstari wa mwisho, akafunga. Tulishinda, na uwanja mzima ukaimba Pettway.

Lakini wasaka vipaji wa ligi ya kulipwa walikuwa jukwaani, wamemfuata mwanao. Nilijua wapo. Niliwaona wakiondoka kabla ya mechi kwisha.

"Mjomba, umenifanya chambo mbele ya watu walionijia mimi," aliniambia. "Goti ni langu, siyo lako!"

Hajasema nami tena. Leo baada ya kanisa alikula kuku wa mke wangu Odessa, wakataniana kama kawaida. Chumvi ilikuwa mbele yangu. Alikula bila chumvi.

Inaniuma, dada.

Mama na Odessa wanakusalimu sana. Goti limeanza kupungua. Mpigie, umsikilize, ila usimwambie kwamba wewe ndiye uliyeniomba. Mimi niko karibu, anaweza kuninunia kila siku. Wewe anakupata kwa simu tu, akinuna ataizima.

Mungu akufunike huko uliko.

Kaka yako akupendaye hata akichoka,
Cleophus