Mdomo wa Kijito cha Bububu

Ijumaa, Mfungo Nane. Mvua haijakatika tangu juzi. Nimerowa chapachapa, kanzu yangu ina matope hadi magotini, na sijapata kufurahi hivi tangu siku ya harusi yangu.

Maji yamekwenda baharini!

Niandike kwa utaratibu, maana mkono unakimbia. Pale Bububu, kijito kinapoingia baharini, mawimbi ya kaskazi hurundika mchanga kila mwaka mpaka mdomo wake ukaziba. Masika yakiingia, maji hukosa pa kutokea, yakarudi bondeni kwenye mpunga na nyumba za watu. Mwaka jana nyumba kadhaa zilianguka. Safari hii serikali ikaamua kujitayarisha mapema. Bwana mkubwa wa afisi yetu, Mwingereza mgeni, akaniambia nitafute amri ya miaka mitatu nyuma, mwaka ambao mchanga ulichimbwa na bonde likasalimika, niinakili na kuipeleka kwa masheha.

Nikainakili kwa hati nzuri, kama kawaida yangu. Amri ya zamani ilisema watu watoke na majembe tarehe kumi Mfungo Sita, mwezi wa sita baada ya Ramadhani. Nami nikaandika tarehe kumi Mfungo Sita.

Hapo ndipo penye aibu yangu. Tangu utoto naiona Ramadhani ikiwahi kila mwaka, mara ituangukie kwenye jua kali, mara kwenye mvua. Halikunijia kabisa wazo kwamba Mfungo Sita nao unatembea vivyo hivyo, na kwamba mvua haiufuati. Kwa miaka mitatu mwezi ulikuwa umewahi zaidi ya siku thelathini, na kaskazi ilikuwa bado inavuma.

Siku tatu kabla ya kazi aliingia afisini Bi Mize, mkulima wa mpunga wa huko bondeni, ambaye nyumba yake ilikuwa miongoni mwa zilizoanguka. Wakulima huhesabu miongo, yaani siku kumi kumi tangu Siku ya Mwaka, mwaka unaofuata jua na si mwezi, na kwa hesabu hiyo hujua mvua iko wapi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, asikubali kukaa.

"Bwana karani, miongo nshaihesabu. Mvua bado. Mkichimba sasa, bahari itaurejesha mchanga wote."

"Hiyo ni amri ya serikali, Bi."

"Na nyumba ni ya nani?"

Nilikasirika. Nani huyu wa kuja kunisomesha kazi yangu? Lakini alipoondoka nilifungua jalada, nikahesabu kwa vidole, nikarudia tena. Bi Mize alisema kweli. Watu wale wangeacha mashamba yao mara moja tu. Kuwaita mara ya pili haiwezekani. Nikisema, huenda nikafukuzwa kazi. Nikinyamaza, Bi Mize ataangukiwa na nyumba ya pili.

Nilinyamaza siku nzima. Nakiri.

Asubuhi yake nilikwenda kumwambia bwana mkubwa. Akauliza nani aliyeligundua kosa. Nikamjibu kuwa ni mwanamke wa Bububu. Akaichana amri yangu yenye hati nzuri vipande vipande, akasema, "Basi nenda ukamuulize siku."

Nikaenda. Bi Mize akaitaja siku, wiki kadhaa mbele, nami nikaiandika katika amri mpya, nikaipeleka kwa masheha. Siku hiyo bonde zima lilitoka, wanaume kwa wanawake, na vibarua wa serikali pamoja nao. Kufika adhuhuri mdomo wa kijito ulikuwa wazi, mpana wa kupita punda wanne sambamba. Baada ya siku chache mvua ikaanza.

Leo, baada ya swala, nilipanda gari moshi nikajionee mwenyewe. Maji mekundu yalikuwa yakipita kwa kishindo, yakiingia baharini moja kwa moja. Mpunga umesimama. Hakuna ukuta ulioanguka, hata mmoja. Wanawake walikuwa wakipiga vigelegele mvuani, na mimi, mtu mzima na kilemba changu, nikapiga kelele pamoja nao hadi sauti ikanikauka.

Bi Mize alikuwa mlangoni pake, miguu mikavu. Nilimsogelea nikitaraji walau neno moja la sifa.

"Siku ile ya kuchimba sikukuona," akasema. "Mwakani njoo na jembe."

Nimeviangalia viganja vyangu hapa mezani, laini kama vya bibi harusi. Nitakwenda.