Daktari Atapiga Tena Saa Nane

Mama,

Umelala, sitaki kukuamsha. Chai iko kwenye chupa. Vidonge vya presha umeze ukishakula. Saa nane daktari atapiga tena kwa video. Simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Ikilia, gusa kiduara cha kijani.

~~Nitawahi kurudi nikusaidie.~~ Sirudi mpaka jioni.

Asubuhi alikuuliza unalalaje, nikadakia: analala vizuri. Akauliza maumivu yako wapi, nikajibu mgongo. Wewe ukaangalia ukuta. Simu ilipokatika ukasema, "Kama mgonjwa ni wewe, basi na dawa umeze wewe." Nikacheka.

Nikiwa nafunga viatu ndipo maneno yako yakaniingia. Kuna mambo mama hayasemi mbele ya mwanawe wa kiume. Nilijisifu kwamba simu imekuondolea foleni ya hospitali, kumbe nimekuwekea foleni nyingine, mimi mwenyewe.

Nimemwandikia daktari akupigie ukiwa peke yako. Nisamehe, mama. Hicho unachonificha, endelea kunificha. Mwambie yeye tu.

Kifungua mimba wako,
kimbelembele