Shina Lililo Kisogoni

Baba,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, barua isije ikakwama mlangoni.

Kidosho mzima. Yule mbuzi uliyemnolea kisu mchana wa jua kali, kwa kuwa alihema ulimi nje ukaogopa asije akawa kibudu, amezaa mapacha. Bado nacheka nikikumbuka bwana mifugo alivyokudaka mkono. Alisema mbuzi haumwi, anajipoza. Akamgusa kisogoni: ndani humo kuna shina la ubongo. Sehemu iliyo juu yake kidogo ndiyo inayopima joto la mwili. Shina likipata habari, linaongeza pumzi, linauambia moyo ukimbie au utulie. Mbuzi mwenyewe haulizwi, hata akiwa usingizini.

Ukaweka kisu chini. Wewe ulikuwa mjumbe wa shina, balozi wa nyumba kumi, na tangu vyama vingi viingie, watu walipita barazani kwetu bila hata hodi.

"Basi huyo wa juu ni Katibu Tarafa," ukasema. "Mtendaji ni mimi."

Toka hapo Mama akikutuma maji, unamjibu shina liko kazini.

"Shina gani," anasema, "kuku wako tu hawakusikilizi."

Sasa Baba, shina lako wamenipa mimi. Na nusura nilikose. Mkutanoni Mzee Salumu alisimama akasema mwanamke moyo wake mwepesi kwenda mbio, hataweza kuamua ugomvi. Na kweli, nilipoinuka moyo ulikuwa unatwanga kama kinu cha harusi, jasho hadi vidoleni. Hotuba yote ikanitoka. Nikabaki na Kidosho tu, nikawasimulia habari zake. Nikasema moyo ukienda mbio, jueni shina limeamka. Wa kuogopwa ni ule uliokwisha tulia kabisa.

Watu wakacheka. Mzee Salumu naye nikamwona anajipapasa kisogo, kuhakikisha. Mikono ikanyooshwa, wake ukiwa wa mwisho, lakini ulinyooka.

Limebaki moja. Jeneza lako lilipotoka uani sikuweza kutazama. Nililigeuzia kisogo. Wanasema akupaye kisogo si mwenzio, na neno hilo limenila... limenila sana, Baba. Usinihesabu hivyo. Nilikugeuzia upande wenye ofisi ya shina.

Nitawaamua watu bila makelele, na Kidosho hatanolewa kisu kwa kuhema tu. Pumzika. Shina liko kazini.

Mwanao,
Zuhura