Shemeji, Usimpe Moyo

Karakana ya Kaka Yako,
Chumba cha Nyuma,
Jumapili, mwezi ukielekea ukingoni.

Mpendwa shemeji,

Hamjambo huko? Mkeo mgongo umeacha kumsumbua? Na Kibonge wetu, ameanza kutembea au bado anabebwa kama mfalme? Sisi ni wazima, watoto wazima, hata kuku wazima. Mwenye homa hapa ni kaka yako, na homa yake haina dawa hospitalini. Nakuandikia kwa sababu nikikupigia simu atanisikia.

Wewe ndiye uliyemfundisha kujirekodi. Akatengeneza stuli kwenye video fupi kuliko chafya, watu wakapagawa, mtaa mzima ukamwita Fundi Sekunde. Wateja walipanga foleni hadi nje, wengine wakitaka kiti, wengine wakitaka kupiga naye picha tu. Hata mimi nilipiga vigelegele, sikatai.

Kisha ule mtandao alikoweka video ukachuja. Matangazo yalizidi, vijana wakahamia mwingine, nao huo ukachokwa. Wale wale waliomwita mfalme wa mbao sasa wanamtazama mtu anayekata vitunguu huku amefumba macho. Kaka yako ameingia mtandao wa tatu, anaanza moja.

Haya, mtandao na ufe, sisi tulikuwepo kabla yake. Kinachonikera ni mikono yake. Amezoea kutengeneza vitu kwa ajili ya kamera. Upande unaoonekana anaupiga msasa na vanishi mpaka unaweza kujitazama ukapaka wanja. Geuza kiti sasa: gundi imetiririka, misumari inachungulia, vibanzi vinachana nguo za watu. Nikisema, ananijibu, "Mama Watoto, nani anaangalia nyuma?"

Wiki iliyopita alijibiwa. Nesi wa zahanati, jirani yetu yule mpole, alimwagizia mama yake kitanda. Ubao wa kichwani ulikuwa maua matupu, wewe mwenyewe uliuona kwenye video. Chaga za chini hukuziona, maana hakuzirekodi. Mama wa watu amejinyoosha mchana apumzike kidogo, kitanda kikashuka naye mpaka sakafuni. Hakuumia, tushukuru, tena alicheka. Nesi hakucheka. Alikuja na kipande cha chaga mkononi, akasema, "Fundi, mimi nilitaka kitanda cha kulalia."

Amempa mpaka mwisho wa mwezi alete kingine. Asipoleta, anakwenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, na zahanati nzima itajua kwa nini. Ndio wateja tuliobaki nao hao, shemeji. Wakiondoka, tunafunga karakana.

Unadhani ameshika randa? Ameshika simu! Jana ameleta taa ya duara ya kujirekodia, ameisimamisha pale pale panapotakiwa kukaa kitanda cha nesi. Nimekasirika, shemeji.

Nikaichukua hiyo simu niwaone hao wafuasi anaowahangaikia. Hamna mtu. Kila video ina moyo mmoja, na kila moyo ni wako. Nikakaa juu ya mbao. Maana kila asubuhi huamka na uso mkunjufu akisema, "Bado kuna mtu ananipa moyo," nami nikidhani ni maneno tu ya kujifariji.

Najua unabonyeza kwa upendo. Pengine uko kwenye basi, hata hujatazama, kidole kimeshapita. Lakini nakusihi, usimpe moyo tena. Mpigie simu ya video. Muulize chaga za nesi zimefika wapi, mwambie ainame akuonyeshe uvunguni. Wewe atakusikiliza, mimi ameshanizoea kama redio ya jirani.

Msalimie mkeo, mbusu Kibonge kwa niaba yangu, na shangazi akipita hapo mwambie namdai stori. Mungu awajalie afya, riziki, na ndugu wa kuwaambia ukweli.

Wako akupendaye hata nikiwa nimenuna,
Mama Watoto.

Kabla sijafunga bahasha: kaka yako amepita hapa akaniuliza naandika nini. Nimemjibu ni salamu. Amefurahi kweli. Anasema nikukumbushe kwamba ya leo ameshaiweka, na moyo wako bado hajauona.