Bidon ya mayi ya baraka

Perpétue, keti kwanza. Mashini ya kusaga yetu, ile moja ilibakia Katuba, imekufa. Mayi ya baraka njo imeiua!

Adalbert, fundi ya vyuma, alisuda axe ya mashini, ile chuma yenye kuizungusha: akaiunga na moto pale ilivunjika, akaichoma tena na makala ya moto, akaizika ndani ya majivu. Alituambia bote: «Ipoe polepole mpaka kesho. Musiiguse.»

Lakini masasi ya bunduki ilikuwa inalia, bantu na mahindi kichwani banangoja kusaga mbio. Diacre Kasereka wa kanisa yetu akafunua majivu, ati aibariki. Akamwanga bidon muzima ya mayi baridi juu ya chuma ya moto. Bidon muzima, Perpétue!

Tii! Axe ikapasuka katikati.

Diacre: «Tuombe tena?»

Adalbert akarudishia chuma majivu, polepole, kama udongo ya kaburi. «Omba, diacre. Sala ya maiti unaijua.»

Sasa bote tunachemsha mahindi nzima. Na meno yangu unayajua.