Mlango wa Pasaka

Safed, baada ya sikukuu

Dada Penina,

Ndoa tamu, dada, na Elkana wangu ni asali tupu. Usiku wa Pasaka tulikuwa kwa wakwe. Ulipofika wakati wa kumfungulia nabii Eliya mlango na kumwomba Mungu awahukumu adui zetu, nilitumwa mimi. Mlangoni alisimama Baba, aliyesusia harusi yangu akiapa hatakanyaga kwa Wayahudi wa Yemeni kama hawa wakwe zangu.

Baba mkwe akafunga kitabu cha sala za Pasaka. "Tulimngoja nabii, tumeletewa mkwe. Ingia, mzee. Chakula tumemaliza, divai ipo."

"Nimemfuata binti yangu, si divai yako."

"Basi utakunywa kwa adabu tu."

Wakacheka wote wawili. Penina, Mungu aliyewatoa wazee wetu Misri amemtoa Baba kwenye hasira yake. Maneno ya hukumu hatukuyasoma, tulirukia nyimbo za sifa.

Mdogo wako mwenye raha,
Tirtza